Shemeji Kataka Kusoma Uchumi, Nyumba Inawaka Moto

Mwezi huu tuache kidogo habari za mawifi na simu za usiku wa manane, tuzungumze shule. Usifunge ukurasa! Subiri uone jinsi somo la darasani linavyoweza kulaza mume na mke mzungu wa nne.

Barua ninayo hapa. Imetoka kwa dada mmoja wa Tanga mjini, mwalimu wa shule ya msingi. Mumewe ni fundi sanifu. Wana miaka mitatu ya ndoa, mtoto mmoja, na nyumba yao huko Pongwe imeshafika kwenye lenta. Anaishi nao mdogo wake wa kike, binti aliyekulia Tongoni, ambaye kamaliza kidato cha nne na kafaulu vizuri tu. Hesabu kapata, jiografia kapata, biashara na uwekaji hesabu ndiyo usiseme. Anataka kuendelea kidato cha tano achukue EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati. Hapo ndipo moto ulipowaka. Msikie dada mwenyewe:

"Shikamoo dada. Mume wangu kakataa katakata. Anasema uchumi ni somo la kukaa kijiweni na cheti mfukoni, bora mtoto aende chuo cha utabibu cha binafsi apate kazi ya maana. Tuna akiba ya shilingi milioni moja na laki mbili, anataka yote iende huko iwe kianzio. Mimi nasema mtoto aachwe asome anachokipenda. Sasa ni wiki mbili hatusemeshani ila kwa habari za mtoto. Lakini nikuambie ukweli dada, ugomvi ulianzia mezani. Mume wangu alikuwa anasimulia kwamba kachukua mkopo wa laki tano wa kununulia mabati, riba asilimia ishirini, tena bila masharti mengi. Mdogo wangu akauliza taratibu tu, 'Shemeji, hiyo asilimia ishirini ni kwa mwezi au kwa mwaka?' Mume wangu akaweka kijiko chini. Tangu siku ile ndiyo kazuka na hili la uchumi haufai. Nifanyeje?"

Umeona eh? Pale kijiko kilipowekwa chini ndipo penye barua yote. Ya utabibu na kijiweni yamekuja baadaye.

Swali la mezani

Tuanze na swali la binti, maana halijajibiwa mpaka leo. Mkopo wa laki tano kwa asilimia 20. Kama ni kwa mwaka, riba ni shilingi 100,000 kwa mwaka mzima. Inauma kidogo lakini inabebeka, maana mikopo ya mabenki yetu kwa wastani imekuwa ikicheza kwenye asilimia 15 au 16 kwa mwaka. Kama ni kwa mwezi, ni 100,000 kila mwezi. Zidisha kwa miezi 12 upate 1,200,000.

Soma tena hiyo namba. Ni ile ile akiba yao yote! Yaani mwaka ukiisha, riba peke yake imekula pesa zote walizojibana, na ile laki tano yenyewe bado wanadaiwa kama walivyoichukua siku ya kwanza. Na hapo ni kama mzee anailipa riba kila mwezi bila kukosa. Asipolipa, riba ikawa inapandiana juu ya deni, baada ya miezi 6 tu deni linasimama kwenye shilingi 1,492,992. Karibu mara tatu ya alichokopa. Mabati bado hayajashika hata kutu.

Barua haisemi kama ni kwa mwezi au kwa mwaka, lakini mkopo wa haraka, wa mtaani, usio na masharti mengi, kwa kawaida unahesabiwa kwa mwezi au hata kwa wiki. Watu wameupa jina lake kabisa, kausha damu. Nadhani wewe msomaji unamjua mtu mmoja au wawili waliokaushwa.

Sasa usinielewe vibaya, shemeji huyu si mjinga. Fundi sanifu anapiga hesabu za vipimo ambazo mimi na wewe zingetutoa jasho. Hata riba kafundishwa shuleni, ilikuwa zoezi kwenye daftari la hesabu, na huenda alipata vema. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemfundisha kulitoa lile zoezi kwenye daftari na kulipeleka kwa mkopeshaji. Kujua kukokotoa ni jambo moja. Kujua swali gani la kuuliza kabla hujaweka sahihi ni jambo lingine, na kwa miaka mingi shule zetu zimeliachia jambo hilo wachache.

Maana kwetu Tanzania somo lenyewe la Uchumi linaanza kidato cha tano. Huko ndiko kuna EGM, kuna HGE ya Historia, Jiografia na Uchumi, na kuna ECA ya Uchumi, Biashara na Uhasibu. Kabla ya hapo, aliyebahatika alisoma biashara na uwekaji hesabu, tena kama shule ilikuwa na mwalimu. Wengine wote wametoka shuleni, wamepata kazi, wameoa na kuolewa, wamekopa na kujenga, bila hata siku moja kuambiwa uchumi unahusu nini. Ndiyo maana mtaala ulioboreshwa wa 2023 ulipoleta somo la Elimu ya Biashara kwa vijana wa sekondari, mimi nilifurahi. Wewe na mimi basi letu limeshapita, lakini binti wa Tongoni bado yuko kituoni.

Tongoni yenyewe ni darasa

Watu wengi wakisikia uchumi wanaona watu wenye tai wanasoma bajeti Dodoma. Kumbe ukitaka kujua somo hili linahusu nini, panda daladala ya barabara ya Pangani, nenda kama kilometa 20 kusini mwa Tanga mjini, ushuke Tongoni kwa kina binti.

Utakuta magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, mengi nguzo zake zimeshaanguka. Zamani mji huu uliitwa Mtangata, na ulikuwa na watu wa maana wenye biashara ya baharini. Januari 1499, Mreno Vasco da Gama alikuwa anarudi kutoka India, akatia nanga kwenye mafungu ya pwani hii. Alikuwa na merikebu tatu, lakini mabaharia wake wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye njiani, na waliobaki hawakutosha kuendesha zote. Akafanya nini? Akaichoma moto merikebu moja, São Rafael, watu na mizigo akawahamishia kwenye mbili zilizobaki, akaondoka zake. Merikebu nzima iliyovuka bahari akaitia kiberiti mwenyewe!

Mimi sina mapenzi na Vasco da Gama, pwani yetu inajua kilichofuata baada ya hao Wareno. Lakini mwalimu wa uchumi angekuonyesha lile fungu la mchanga akuambie hilo ndilo somo la kwanza. Ukiwa na watu wa kuendesha merikebu mbili, ya tatu unaing'ang'ania kwa gharama ya zile mbili. Kila unachochagua kina bei, na bei hiyo ni kile kitu kizuri ulichokiacha ili ukipate. Wenyewe wanaita gharama ya fursa. Dada yangu na mumewe wana merikebu tatu, mabati, mkopo na shule ya mdogo mtu, na wafanyakazi ni milioni moja na laki mbili tu. Wanagombana kwa sababu kila mmoja anataja merikebu anayoipenda, na hakuna anayetaja itakayochomwa.

Somo la pili liko pembeni ya barabara hiyo hiyo. Mkonge! Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Kutoka miche ile 62 nchi nzima ikageuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 tulikuwa tunazalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, tukiongoza dunia, na Tanga ilikuwa Tanga kweli. Halafu zikaja kamba za plastiki, nyepesi na za bei chee. Bei ya mkonge ikaporomoka. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, uendeshaji nao ukayumba, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 30,000. Mzee aliyekata mkonge miaka ile hakuwa mvivu. Alikuwa anakata vile vile, jasho lile lile, lakini huko mbali mtu kapata kitu cha kukaa mahali pa mkonge wake. Mwanafunzi wa uchumi anafundishwa kuangalia jambo hilo mapema, kujiuliza ninachouza leo, kesho mnunuzi anaweza kununua nini badala yake? Hilo ni swali la mkulima, na ni lako pia wewe unayeuza ujuzi wako ofisini.

La tatu waulize kina mama wanaolima mwani kwenye pwani hii ya Tanga. Wanafunga mbegu kwenye kamba, wanasimama majini kufuata maji kupwa na kujaa, wanaanika, wanabeba. Mwani ule unakwenda nje kutengenezea kitu cha kuzitosha dawa za meno na vyakula kama aiskrimu. Lakini bei anataja nani? Mnunuzi, maana wakulima ni wengi na wanunuzi wanahesabika kwa vidole. Mama anaweza kuongeza kamba mara mbili na bado mfuko ukabaki ule ule. Mtoto aliyemuona mama yake au shangazi yake akirudi kutoka majini kisha akapangiwa bei pale pale ufukweni, akifika darasani akafundishwa soko la mnunuzi mmoja, hahitaji kukariri. Anahitaji mwalimu wa kumwambia jambo lile lina jina, na kwamba yako mambo watu wamejaribu, kama kuuza kwa ushirika au kusaga wenyewe kabla ya kuuza.

Na kaskazini ya mji huo huo, Chongoleani, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilometa 1,443. Mradi mkubwa kama huo unakuja na maswali yake. Ajira za ujenzi na ajira za baada ya ujenzi ni ngapi na ngapi? Kodi ya nyumba itakwendaje? Kiwanja niuze sasa au nisubiri? Haya yanaulizwa barazani Tanga kila siku. Afadhali kila nyumba iwe na mtu mmoja aliyefundishwa kuyajibu kwa karatasi na kalamu kuliko kwa tetesi.

Hofu ya mume ina haki yake

Dada yangu, sasa nikugeukie wewe, maana usidhani nimekuja kukupigia vigelegele. Mume wako anaogopa mtoto kusoma miaka halafu akae nyumbani. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Wahitimu wa vyuo vikuu wasio na kazi tunao mtaani, tena wa uchumi wamo. Mtu anayetoa pesa ya jasho lake ana haki ya kuuliza itarudi vipi, na ukitazama vizuri utaona hilo lenyewe ni swali la kiuchumi!

Ila swali hilo aliulize pande zote mbili. Vyuo vya utabibu vinataka ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia. Wewe umenitajia hesabu, jiografia, biashara na uwekaji hesabu. Hayo mengine yako wapi? Kama hana, akiba itakwenda kwenye chuo gani hasa? Na hata akiwa nayo, wahitimu wa afya nao wamo mitaani wakisubiri tangazo la ajira. Halafu milioni moja na laki mbili ni kianzio tu, umesema mwenyewe. Mwaka wa pili italipa nini, lenta ya Pongwe?

Upande wa EGM, nisikudanganye kwamba kuna kiti kimemsubiri. Kuna milango. Kutoka pale mtu anaweza kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Mzumbe, anaweza kwenda Chuo cha Mipango Dodoma, anaweza kusomea takwimu, uhasibu, bima, kodi au mipango miji. Rais mstaafu Jakaya Kikwete alihitimu shahada ya uchumi Dar es Salaam mwaka 1975. Rais Samia Suluhu Hassan alisomea uchumi Manchester, Uingereza, miaka ya 1990. Sisemi shemeji atakuja kuingia Ikulu, ila huyo anayesema somo hili ni la kijiweni atueleze hicho kijiwe kiko wapi, na sisi tukakae.

Nami nakwambia hata asipopata kazi ya tai, akarudi Tongoni kuuza samaki, bado hatakuwa ameipoteza miaka miwili. Atakuwa muuza samaki anayejua faida ni ipi na mtaji ni upi, anayejua lini akope na lini apite mbali. Nyumba nyingi zimeanguka kwa kukosa mtu wa namna hiyo, na mapenzi yalikuwepo tele.

Sasa fanyeni hivi

Kwanza, mume ajibiwe swali lake na yeye ajibu la binti. Usimwendee mezani, wala mbele ya mdogo wako. Subiri mtoto alale, mchukulie chai, kaa naye. Usianze na "unaona sasa". Mwambie, mume wangu, naomba tuutazame ule mkataba pamoja, nataka tujue tunadaiwa kiasi gani na mpaka lini. Sema "tunadaiwa", maana mabati ni yenu wote. Mwanaume aliyeshikwa mbele ya shemeji yake mdogo anahitaji mlango wa kutokea, na mlango huo ni wewe uufungue.

Pili, chukueni karatasi muandike. Ada ya kidato cha tano na sita kwenye shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Kwa hiyo binti akipangiwa shule ya serikali, mzigo wenu ni godoro, sanduku, sare, madaftari na nauli. Ikiwa mkopo ni wa riba ya mwezi, na sasa mnadaiwa laki tano na riba ya mwezi mmoja, chukueni laki sita kwenye akiba muumalize wote kesho asubuhi, mrudishiwe na dhamana yenu kwa maandishi. Laki sita inayobaki inamtosha binti kuanza shule, na kitu kidogo kikabaki. Paa likikwama, ingieni kwenye SACCOS ya kazini kwa mmoja wenu, mkope mkijua riba ni ya mwaka. Merikebu ya kuchomwa hapo ni chuo cha binafsi. Kama shule atakayopangiwa iko mbali sana au mkikuta hesabu tofauti na hii yangu, sawa, lakini iwe imeandikwa na wote wawili mmeiona.

Tatu, mdogo wako naye. Hakukosa adabu, swali aliliuliza kwa heshima na alilitaja kwa jina la shemeji. Lakini mfundishe kwamba habari za deni la mwenye nyumba huulizwa pembeni. Aende amsalimie shemeji yake, amshukuru kwa kumlea, amwombe ushauri wa hizo hesabu za kidato cha tano, maana kwa hesabu fundi sanifu atamsaidia kuliko sisi wote. Uchumi bila hesabu hauendi, na EGM imewatoa machozi waliodhani ni somo la hadithi. Huyo shemeji anayemkataa ndiye mwalimu wake wa kwanza wa jioni. Akishakaa naye wiki mbili na kitabu cha Uchumi katikati yao, sidhani kama atasema tena haufai.

Na wewe msomaji usiye na shemeji wa kugombania, leo usiku kabla hamjazima taa muulize mwenzako jambo moja: ile mikopo yetu, ni asilimia ngapi, kwa mwezi au kwa mwaka? Akiweka kijiko chini, niandikie.

Dada wa Tanga, nataka kusikia amepangiwa shule gani. Wengine tuonane mwezi ujao, tutaongea habari ya mume anayemtumia mama yake pesa kimyakimya. Barua zimeshajaa!